Kiambishi Awali Hakipunguzi Kitu: Dhidi ya Istilahi Zinazodanganya

Nililetewa orodha ya istilahi za sayansi ya kompyuta niipitie lugha kabla haijafungwa. Ilikotoka sitasema, kwa kuwa ugonjwa ninaoukusudia si wa nyumba moja. Katikati ya orodha nikakuta ingizo hili: "upunguzaji wa kiambishi awali". Nikasimama, nikalisoma tena. Kiambishi awali twakijua sote tunaopita katika uwanja huu: ni kile kijisehemu kinachotangulia mzizi wa neno, kama "wa-" katika "walimu" na "ki-" katika "kitabu". Sasa kinapunguzwaje? Je, ni kuukata mwanzo wa neno hadi ubaki mzizi mtupu? Niliposoma maelezo ya pembeni nikatambua kwamba jambo linalosemwa halihusiani na sarufi hata chembe, na kwamba ndani yake hakuna kinachopunguzwa.

Ndugu washairi na wapenzi wa lugha, hilo ndilo shauri langu leo. Nasema kwamba istilahi iliyochongwa kwa kulitazama neno la Kiingereza, bila kukitazama kitendo chenyewe, haijatafsiri chochote. Na nasema zaidi: istilahi ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa istilahi. Asiye na neno huuliza, bali mwenye neno la uongo hudhani amekwisha kuelewa.

Lakini siwezi kulalamikia jina kabla sijakionyesha kitu. Tuanze na kitu.

Tuseme tuna diwani moja kubwa inayochapwa upya na wachapaji wanane. Hati imegawanywa, kila mmoja ana fungu lake, na mafungu yamepangwa kwa utaratibu wa kitabu. Mchapaji wa kwanza ana beti 12, wa pili 7, wa tatu 20, wa nne 5, wa tano 9, wa sita 16, wa saba 11, na wa nane 14. Kila ubeti sharti upewe namba yake katika diwani nzima. Mchapaji wa tano ameketi na beti zake 9. Aanze kuhesabu kutoka ngapi? Hawezi kujua kwa kuzitazama beti zake mwenyewe. Anahitaji kujua waliomtangulia wana beti ngapi kwa jumla. Wanazo 12, 7, 20 na 5, yaani 44. Basi ubeti wake wa kwanza ni wa 45.

Wote wanane wana haja hiyo hiyo. Jibu wanalolitafuta ni msururu wa jumla: 12, 19, 39, 44, 53, 69, 80, 94. Kila namba katika msururu huu ni jumla ya mafungu yote tangu la kwanza hadi la mhusika mwenyewe. Hicho ndicho kitendo. Weka michakato ya kompyuta mahali pa wachapaji, kila mmoja na kumbukumbu yake asiyoweza mwenziwe kuichungulia, wakiwa hawana njia ya kujuana ila kwa kupelekeana ujumbe, nawe umekwisha kuiona programu sambamba ikifanya kazi hii. Hata haja yenyewe haibadiliki sana: michakato mingi inapoandika kwa pamoja katika faili moja, kila mmoja sharti ajue aanze kuandika mahali gani, asije akafuta ya mwenziwe.

Njia ya wazi ni kupokezana mmoja mmoja. Wa kwanza anamwambia wa pili, "Mimi 12." Wa pili anajumlisha, anamwambia wa tatu, "Sisi 19." Hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa watu wanane ni hatua 7. Kwa michakato 1,024 ni hatua 1,023, na mchakato wa mwisho hukaa bure karibu muda wote akingoja zamu. Ukitazama juu juu utasema hakuna njia nyingine, maana kila jibu linategemea lililotangulia, kama shairi la mkufu ambamo huwezi kuuanza ubeti kabla hujajua uliopita umeishia wapi.

Njia nyingine ipo, nayo ni nzuri. Katika duru ya kwanza, kila mchapaji anampelekea jirani anayemfuata namba aliyonayo, na anayepokea anaijumlisha na yake. Wakimaliza, msururu unasomeka 12, 19, 27, 25, 14, 25, 27, 25. Katika duru ya pili, kila mmoja anampelekea aliye hatua mbili mbele namba aliyofika nayo: 12, 19, 39, 44, 41, 50, 41, 50. Katika duru ya tatu, anampelekea aliye hatua nne mbele: 12, 19, 39, 44, 53, 69, 80, 94. Kazi imekwisha kwa duru 3 badala ya hatua 7. Kila duru inaongeza maradufu umbali ambao habari imesafiri, hivyo wahusika 1,024 wanamaliza kwa duru 10, na wahusika zaidi ya milioni moja wanamaliza kwa duru 20. Mwenye shaka achukue kalamu ahakikishe. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha tu.

Kitendo hiki kina makao rasmi. Katika MPI, sanifu ya kupelekeana ujumbe ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1994, kinaitwa MPI_Scan. Sanifu hiyo hiyo ndiyo inayokieleza kwa maneno mawili ya Kiingereza ambayo mwandishi wa orodha yetu aliyakamata, akafungua kamusi, akayageuza moja baada ya jingine. Tuyapime sasa.

Upunguzaji. Nini kimepungua? Namba 8 ziliingia, namba 8 zikatoka. Tena hazikupungua hata thamani: fungu la mchapaji wa nane lilikuwa 14, jibu lake ni 94. Mwanafunzi anayekutana na neno "upunguzaji" atatarajia kitu kidogo kuliko alichoanza nacho, na hatakiona. Atadhani kosa ni lake.

Kiambishi awali. Nani amemwambishia nani? Kiambishi huambatishwa kwenye mzizi. Hapa hakuna mzizi wala mwambatisho. Maana ya kihisabati ya neno lile la Kiingereza ni sehemu ya mwanzo ya mfuatano: wa kwanza peke yake, kisha wawili wa kwanza, kisha watatu wa kwanza, hadi wote. Ni mianzo, wala si viambishi. Katika Kiingereza neno moja linabeba maana zote mbili. Katika Kiswahili "kiambishi awali" lina maana moja tu, ya sarufi, nasi wenyewe ndio tuliolifunga hapo kwa makusudi ili wanasarufi wetu waelewane. Kulichukua neno lililokwisha kufungwa na kulibandika kwingine ni kuharibu nyumba mbili kwa mpigo.

Atanijibu mtu: "Lakini hata Waingereza wenyewe wamesema 'kupunguza'. Wewe ni nani uwakosoe?" Siwakosoi. Nataka tujue walilitoa wapi. Kenneth Iverson, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kilichozaa lugha ya APL, alikuwa na alama ya kuweka kitendo kama kujumlisha katikati ya vipengele vyote vya orodha. Orodha ikitendwa hivyo inabaki namba moja, na jedwali lenye vipimo viwili linabaki na kimoja. Hapo neno la kupungua lilikuwa na haki yake, maana kipimo kilipungua kweli. Kisha neno likasafiri, likapachikwa kwenye kitendo jirani ambacho hakipunguzi kitu, na wasomaji wa Kiingereza wakalizoea. Wao wanayo historia hiyo nyuma yao. Msomaji wa Kiswahili hana. Anapopewa tafsiri ya neno kwa neno, anapewa ganda la safari ambayo hakusafiri. Na Iverson huyo huyo, alipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1979, mhadhara wake ulihusu nukuu kuwa chombo cha kufikiria. Aliyetupa neno hili aliamini kwamba jina na alama humsaidia mtu kufikiri. Tukitumia neno lake kwa namna inayozuia kufikiri, hatujamfuata.

Basi nini badala yake? Mkosoaji asiyeweka kitu mezani ni mpiga kelele, kwa hiyo naweka.

Lugha yetu ina kitenzi "kulimbika". Ni kukusanya kidogo kidogo, kuacha kitu kijikusanye mpaka kitoshe, kama mtu anavyolimbika maji ya kisima kinachotoa polepole. Tazama kilivyokaa: ndani yake mna mfuatano, mna kuongezeka hatua kwa hatua, mna kiasi kilichofikiwa hadi sasa. Kiasi hicho ndicho limbiko. Naliita basi jibu la kila mchakato "limbiko", na kitendo chenyewe "kulimbikiza". Na kile kitendo jirani, cha kuchukua thamani za wote na kutoa moja, nakiita "ujumuisho". Kwa maneno hayo mawili uhusiano wa vitu hivi unasemeka kwa sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida: limbiko la mchakato wa mwisho ndilo ujumuisho wa wote. Jaribu kuisema sentensi hiyo kwa "upunguzaji" na "upunguzaji wa kiambishi awali", kisha uniambie kama umemweleza mtu.

Nataka kwenda mbele kidogo, maana hapa ndipo washairi wanapohusika hasa. Si lazima kinacholimbikizwa kiwe namba. Chukua methali, "Haba na haba hujaza kibaba", uwape michakato mitano neno moja moja, na kitendo chenyewe kiwe kuunganisha maneno. Wa kwanza ana limbiko "Haba". Wa pili, "Haba na". Wa tatu, "Haba na haba". Wa nne, "Haba na haba hujaza". Wa tano ana methali nzima. Je, ile mbinu ya duru chache bado yafaa? Yafaa, kwa sababu ukianza kuunganisha "hujaza" na "kibaba" kando, kisha ukaja kuunganisha na "Haba na haba" baadaye, methali haibadiliki. Mabano ukiyaweka popote, jibu ni lile lile. Lakini jaribu kuwahamisha wahusika, uweke "hujaza kibaba" mbele: umepata maneno yale yale, methali huna.

Wenye mizani na vina mmekwisha kuifahamu sifa hiyo bila kuambiwa. Mshororo unaweza kuukusanya vipande vipande, ukwapi kando na utao kando. Huwezi kupindua mpangilio na kudai ni shairi lile lile. Ndiyo sheria anayoishi kwayo MPI_Scan: inadai mabano yasibadili jibu, lakini haidai wahusika waweze kubadilishana nafasi. Kujumlisha namba nzima kunaitii sheria hiyo. Kutoa hakuitii: 10 toa 4, kisha toa 3, ni 3, bali ukianza na 4 toa 3, kisha ukatoa jibu hilo kutoka 10, unapata 9. Na namba za desimali kama kompyuta inavyozihifadhi huitii kwa kukaribia tu, kwa kuwa kila hatua ina ukadiriaji wake. Ndiyo maana programu moja ikiendeshwa kwa michakato 8 na kisha kwa michakato 64 inaweza kutoa majibu yanayotofautiana kidogo katika tarakimu za mwishoni. Mambo haya ni ya kiini, nayo yanafundishika kwa Kiswahili na kwa methali. Neno "upunguzaji" lisingenifikisha huku.

Kuna ushahidi mwingine wa uzito wa jina. Toleo la pili la sanifu ile, mwaka 1997, liliongeza kitendo ndugu, MPI_Exscan. Tofauti yake ni moja: mhusika hajihesabu mwenyewe. Mchapaji wetu wa tano hapati 53 bali 44, na 44 ndiyo namba aliyoihitaji tangu mwanzo. Nakiita hiki "limbiko la waliotangulia". Sasa niulize: mchapaji wa kwanza anapata nini? Jina lenyewe linajibu. Hakuna aliyemtangulia, basi hana cha kupewa. Na ndivyo sanifu inavyosema: kwa mchakato wa kwanza, ambaye katika MPI namba yake ni 0, jibu halikufafanuliwa. Mwandishi wa programu sharti aweke sifuri kwa mkono wake ikiwa anajumlisha. Asipofanya hivyo atasoma takataka iliyobaki katika kumbukumbu. Mtego huo umewanasa wengi. Mwanafunzi aliyefundishwa "limbiko la waliotangulia" anauona kabla hajaukanyaga. Aliyefundishwa "upunguzaji wa kiambishi awali usiojumuishi" atauona akiwa ndani yake.

Tena tazama unyambulishaji wetu unavyofanya kazi ambayo Kiingereza hakina. Kutoka "limbika" twapata "limbikiza", "limbikizia", na mwishowe "limbikiziana". Michakato inalimbikiziana. Kitenzi kimoja kinasema kwamba kuna kukusanya, kwamba kila mmoja anamkusanyia mwingine, na kwamba jambo ni la wote. Na kweli ni la wote: kila mchakato katika kundi sharti aite kitendo hiki, na mmoja akikosa, wengine huweza kubaki wakingoja ujumbe usiokuja. Mtu atasema kwamba "-ana" hudai kurudishiana, ilhali hapa habari huenda upande mmoja tu, kutoka wa mwanzo kuelekea wa mwisho. Namjibu kwa kitenzi "kupokezana": watu waliojipanga mstari wanapokezana ndoo, nazo ndoo huenda upande mmoja, wala hakuna anayekiona Kiswahili chake kuwa kibovu.

Nizijibu sasa hoja mbili zenye uzito.

Ya kwanza yasema: tutohoe tu, tuseme "skani", mambo yaishe. Sina ugomvi na kutohoa. "Kompyuta" limekaa, "programu" limekaa, "faili" limekaa, wala hayamdhuru mtu. Lakini hayo ni majina ya vitu, na jina la kitu halina budi ila kukionyesha kitu chenyewe. Kitendo ni jambo jingine. Kitendo huuliza nani, kwa nani, mpaka lini, na vitenzi vyetu vimeumbwa kujibu maswali hayo ndani ya neno lenyewe. Tena "skani" mtaani limekwisha kupewa kazi: ni kunakili karatasi kwa mashine. Tutakuwa tumeukimbia uongo mmoja na kuukumbatia mwingine.

Ya pili ni nzito zaidi, nami naikubali kwa sehemu. Yasema kwamba "limbiko" lina harufu ya kuongezeka, ilhali kitendo hiki hakiongezi daima. Ni kweli. Michakato ikitafuta thamani iliyo ndogo kuliko zote hadi ilipofika, mfuatano wa 9, 4, 7, 2 hutoa 9, 4, 4, 2, nao unashuka. Kusema "limbiko la iliyo ndogo" kunakwaruza sikio. Sitaficha. Najitetea kwa hili tu: kinacholimbikwa hapo ni habari za wahusika, na hizo kweli zinaongezeka, hata kama namba inayotoka inashuka. Mwenye neno bora alilete, nami nitalifuta langu siku hiyo hiyo. Sharti langu ni moja: alitoe katika kitendo, asilitoe katika kamusi ya Kiingereza.

Nimalizie kwa wenzangu wa ushairi, maana kuna lawama yenu pia, nami nimo. Tumejizoesha kudhani kwamba istilahi za sayansi ni kazi ya mabaraza na ya wahandisi, sisi tubaki na bahari zetu na vina vyetu. Matokeo yake mhandisi anachonga maneno peke yake usiku, akiwa na kamusi moja na haraka nyingi, nasi asubuhi tunamcheka. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 hadi BAKITA ilipoanzishwa mwaka 1967 na hata leo, kusanifisha neno kumekuwa kazi ya taasisi, na ni haki. Lakini taasisi husanifisha kilichopo. Neno sharti litoke kwa mtu aliyeishi na vitenzi, anayejua tofauti ya kukusanya, kujumuisha, kulimbika na kurundika. Mtu huyo ni nani kama si mshairi? Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, twahutubiana kwamba lugha hii yaweza yote. Yaweza, lakini tarehe 8 sharti mtu aketi na mhandisi, amwulize kitendo chake kinafanya nini hasa, na asiinuke kabla hajaelewa.

Orodha ile niliirudisha. Kando ya ingizo lile nilikata mstari, nikaandika "limbiko", na chini yake nikaeleza habari ya wachapaji wanane. Sijui kama wataliweka. Nimewaandikia pia ubeti huu, nanyi nawaachia:

Neno lisibebe jina, bila kubeba kitendo,
Tazama kazi kwa kina, ndipo uchonge muundo,
Lugha yetu si ya jana, ina uzi na mapindo,
Limbiko lina maana, kupunguza ni mshindo.